Mwongozo kamili wa kutembelea The Blind Beggar, baa ya Whitechapel alikopigwa risasi George Cornell

The Blind Beggar iko namba 337 Whitechapel Road, mashariki mwa London, hatua chache kabla ya makutano ya Cambridge Heath Road. Usiku wa tarehe 9 Machi 1966, Ronald Kray aliingia humo, akampiga George Cornell risasi ya kichwa mbele ya watu, kisha akatoka taratibu. Hadi leo wageni wanaingia wakiuliza marehemu alikuwa amekaa wapi.

Nimeshawapeleka pale wageni kadhaa kutoka nyumbani, na maswali yao ndiyo yaliyonifanya niandike mwongozo huu. Wengi wamewafahamu ndugu wa Kray, majambazi mapacha wa London, kupitia picha na filamu: suti nyeusi, tai nyembamba, nywele zimelala kwa mafuta. Wanafika wakidhani wanakwenda kuona makumbusho ya mashujaa wa mtaa. Basi niseme mapema ninavyoona. Pale aliuawa mtu aliyekuwa na mke na watoto, na anayestahili heshima katika kisa chote ni mhudumu wa baa aliyekuwa nyuma ya kaunta usiku ule, ambaye mwishowe alikubali kusimama mahakamani. Ukiingia na hilo kichwani, utaona mengi ambayo mtu wa kupiga selfi na kuondoka hayaoni.

Kwanza, kijue kisa kabla hujafunga safari

Usiende ukitegemea kusimuliwa na mtu wa kaunta. Ana kazi yake, na swali hilo ameulizwa hadi amechoka. Jifunze mwenyewe kwanza.

Ronald (Ronnie) na Reginald (Reggie) Kray walikuwa mapacha, waliozaliwa Hoxton tarehe 24 Oktoba 1933 na kukulia Vallance Road, Bethnal Green, umbali wa kutembea tu kutoka baa hii. Ujanani walikuwa mabondia. Baadaye wakajenga genge lililoishi kwa kukamua wenye vilabu, baa na maduka: ulipe hela ya ulinzi, la sivyo utavunjiwa, utachomewa au utapigwa. Miaka ya 1960 walikuwa na klabu ya kamari Knightsbridge, wakipiga picha na wanamuziki, waigizaji na wanasiasa. Umaarufu huo ndio uliowapa sura ya watu wa heshima, na kwa bahati mbaya bado unawapa.

Upande wa kusini wa mto Thames kulikuwa na genge la ndugu wa Richardson. Cornell, ingawa alikuwa mtoto wa East End, yaani mitaa hii ya mashariki mwa London, alishirikiana na hao wa kusini. Usiku wa kuamkia tarehe 8 Machi 1966 kulizuka mapigano ya bastola katika klabu moja ya Catford, na Richard Hart, mtu wa upande wa akina Kray, akauawa. Wakubwa wa kundi la Richardson wakajikuta wengine hospitalini, wengine mikononi mwa polisi. Cornell akabaki huru, na kesho yake jioni akavuka kuja kunywa Whitechapel, eneo la mahasimu wake.

Ronnie alikuwa akinywa katika baa nyingine ya jirani, Tapp Street. Alipopata habari kwamba Cornell yuko The Blind Beggar, akamchukua Ian Barrie, mtu wa genge lake, wakaendeshwa na dereva wao hadi mlangoni. Ilikuwa kama saa mbili na nusu usiku, na wateja walikuwa wachache. Barrie alifyatua risasi juu kuwatisha watu. Ronnie akamsogelea Cornell, aliyekuwa kwenye kiti kirefu pembeni mwa kaunta, akampiga risasi ya paji la uso. Cornell alifia hospitali. Inasimuliwa kwamba risasi moja iligusa mashine ya muziki na santuri ikakwama, ikawa inarudia neno lile lile. Hayo utayasikia sana mtaani.

Kilichofuata ndicho kinachonigusa zaidi. Walioona waliona, lakini hakuna aliyesema. Ronnie aliwekwa kwenye gwaride la utambulisho na hakuna aliyemnyooshea kidole. Na si kwamba watu walimpenda. Mwaka mmoja tu nyuma, 1965, mapacha hao walishtakiwa kwa kumtisha mwenye klabu ili awape fedha, wakaachiwa huru, na mtaa mzima ukaona. Ukitoa ushahidi kesi ikaanguka, wewe na wanao mnarudi kuishi mtaa mmoja na watu hao. Mjane wa Cornell ndiye hakunyamaza: alikwenda Vallance Road akavunja vioo vya nyumba ya akina Kray.

Kazi ya kuwanasa alikabidhiwa mpelelezi Leonard Read wa Scotland Yard, makao makuu ya polisi wa London. Aliiweka timu yake katika jengo la ng'ambo ya mto, Tintagel House, ili habari zisivuje kwa polisi waliokuwa na marafiki kwenye genge. Aliitumia hofu ya mashahidi kama sehemu ya mpango wake: kwanza awakamate vinara wote kwa mpigo, awaweke ndani, ndipo watu wapate pumzi ya kusema. Alfajiri ya tarehe 8 Mei 1968 wakakamatwa. Wakiwa rumande, midomo ikaanza kufunguka, na yule mhudumu wa baa, ambaye mwanzo alisema hamtambui aliyepiga risasi, akaja kizimbani Old Bailey, mahakama ya jinai ya London, mwaka 1969 akamtaja. Ronnie alihukumiwa kifungo cha maisha kwa kumuua Cornell, na Reggie kwa kumuua Jack McVitie, mtu wa genge lao wenyewe, aliyechomwa kisu Stoke Newington Oktoba 1967. Jaji Melford Stevenson alipendekeza wasitoke kabla ya miaka 30. Ronnie alikufa mwaka 1995 akiwa bado anatumikia kifungo. Reggie aliachiwa Agosti 2000 kwa sababu ya saratani, akafa tarehe 1 Oktoba mwaka huo huo.

Ukiyajua hayo, umeshapata nusu ya safari.

Chagua siku na saa

Nenda siku ya kazi, kati ya saa nane na saa kumi na moja alasiri. Watu wa chakula cha mchana wameshaondoka, na wa kutoka ofisini hawajafika. Utapata kiti, utasikilizana na mwenzako, na mhudumu akiwa na nafasi anaweza hata kukuongelesha. Ijumaa jioni usijaribu kama lengo lako ni historia, maana utasimama bega kwa bega na watu wanaopigiana kelele masikioni. West Ham wakiwa na mechi, baa za upande huu wa jiji hujaa mapema, kwa hiyo tazama ratiba ya mpira kwanza. Saa za kufungua hubadilika, hasa sikukuu, hivyo angalia siku hiyo hiyo mtandaoni au piga simu. Jikoni nako huwa na saa zake, tofauti na za kaunta.

Tarehe 9 Machi yenyewe huvuta mashabiki wa visa vya majambazi. Binafsi siku hiyo naikwepa.

Njia ya kufika

Kituo ni Whitechapel. Ukitua Heathrow huna haja ya teksi: panda laini ya Elizabeth, treni ya zambarau, ikufikishe Whitechapel bila kubadilisha, kwa chini ya saa moja. Ukitua Stansted, chukua treni hadi Liverpool Street, halafu laini ya Elizabeth kituo kimoja tu. Ukitua Gatwick, treni ya Thameslink hadi Farringdon, kisha Elizabeth vituo viwili. Ukiwa tayari mjini, laini za District na Hammersmith & City nazo zinasimama hapo, pamoja na treni za Overground.

Nauli unalipa kwa kugusisha kadi ya benki au simu kwenye geti, unapoingia na unapotoka. Hapa wageni wengi huumia. Gusisha kadi ile ile pande zote mbili: ukiingia kwa simu ukatoka kwa kadi, mfumo unahesabu safari mbili zisizokamilika na kukukata zaidi. Kila mtu awe na kadi yake, mke na mume hawawezi kutumia moja. Kama kadi yako ni ya benki ya Nairobi au Dar, waulize kabla ya kuondoka makato ya matumizi ya nje ni kiasi gani, maana kila siku ya safari inaweza kubeba ada yake.

Ukitoka nje ya kituo utakutana na soko. Meza za wachuuzi zimepangwa kandokando ya njia: maembe kwenye maboksi, bamia, pilipili, mabunda ya kotimiri, samaki waliogandishwa, vitambaa vya sari na vifuniko vya simu. Wauzaji wengi ni wenye asili ya Bangladesh, na mtu wa Kariakoo au Kongowea hapati taabu kuzoea. Ng'ambo ya barabara ni Hospitali ya Royal London. Jengo la kisasa la vioo liko nyuma, na lile la zamani lililo mbele sasa ni makao ya halmashauri ya Tower Hamlets. Kata kushoto, usivuke barabara, soko likiwa pembeni yako. Dakika tatu nne za mwendo wa kawaida, baa iko upande wako wa kushoto.

Usiingie haraka, anza nje

Jengo unaloliona lilijengwa mwaka 1894, lakini nyumba ya kulala wageni na kunywa ilikuwepo mahali hapo tangu karne ya 17. Jina lake, Ombaomba Kipofu, linatokana na ngano ya kale ya Bethnal Green. Inasimuliwa kwamba Henry de Montfort, mtoto wa mkuu aliyepigana na mfalme, alijeruhiwa katika vita vya Evesham mwaka 1265 akapoteza macho, akaokolewa na mwanamke aliyemkuta uwanja wa vita, akaishi kwa kuomba njia panda ya Bethnal Green huku akificha ukoo wake. Akazaa binti mzuri, Bessie, na wachumba walikimbia kila waliposikia baba yake ni ombaomba. Wanahistoria wanasema Henry alikufa palepale vitani. Ngano imebaki kwa sababu watu wa eneo hili waliipenda.

Jengo la pembeni lilikuwa kiwanda cha bia cha Albion, cha kampuni ya Mann, Crossman & Paulin. Bia ya kahawia ya chupa iliyopata umaarufu Uingereza nzima ilianzia humo mwaka 1902. Kiwanda kilifungwa mwaka 1979 na sasa ni nyumba za kuishi, ila mbele bado panapendeza kutazama. Baa ilikuwa jirani wa kiwanda, na wafanyakazi walikunywa hapo. Na sifa mbaya ya mahali hapa ilianza zamani, kabla ya akina Kray hawajazaliwa: mwanzoni mwa karne ya 20 kulikuwa na kundi la vibaka wa mifukoni waliopatumia kama kijiwe na kuchukua hata jina la baa.

Sasa simama hapo barabarani na kumbuka jambo ambalo wageni wetu wengi hulipita bila kujua. Mwaka 1865 mhubiri William Booth alisimama nje ya The Blind Beggar akahubiria walevi na maskini wa Whitechapel. Waliomsikia wakamwalika kwenye mikutano ya hema huku huku East End, na kutokana na kazi hiyo likazaliwa Jeshi la Wokovu, lililopewa jina hilo mwaka 1878. Jeshi hilo lilifika Kenya mwaka 1921, Uganda mwaka 1931 na Tanganyika mwaka 1933, likianzia Tabora. Aliyesoma shule yao Kenya, au aliyewahi kupita Mgulani, Dar es Salaam, na kuona kituo chao, ajue mzizi wake uko kwenye lami hii mbele ya baa. Nilipomwambia hivyo mama mmoja niliyekuwa naye, askari wa Jeshi la Wokovu kutoka magharibi mwa Kenya, hakutaka tena kusikia habari za bastola. Alisimama pale barabarani akaimba ubeti mmoja kwa sauti ndogo, basi zikipita.

Ndani: namna ya kuagiza

Hii ni baa ya watu wa mtaa na inaendeshwa kama baa, hakuna tiketi wala kiingilio. Unachotakiwa kufanya ni kununua kitu. Kuingia, kupiga picha na kutoka bila kununua hata soda ni utovu wa adabu.

Ukiingia usikae ukingojea mhudumu aje mezani, kama tulivyozoea kwetu. Nenda kaunta mwenyewe. Hakuna foleni inayoonekana, lakini kila mtu anajua nani alitangulia, na mhudumu naye anajua. Simama pahali anapokuona, mtazame, subiri. Usipige kidole, usiite kwa mdomo, usipunge noti. Akikugeukia kabla ya aliyekutangulia, mwelekeze kwa huyo: hapo umeshapata heshima kwa watu wote walio kaunta.

Agiza vyote kwa mara moja, tena kwa "tafadhali", na ulipe hapo hapo. Kadi inapokelewa karibu kila mahali London, na baa nyingine hazitaki tena fedha taslimu, hivyo usitegemee noti peke yake. Painti ni mililita 568, imezidi kidogo chupa yetu ya 500. Kwa London tenga kati ya pauni 5 na 7 kwa painti moja. Unaweza kuomba nusu painti, na hakuna atakayekucheka.

Mtu aliyezoea kuulizwa "ya moto au ya baridi?" atashangaa kidogo. Bia za lager hutoka za baridi. Zile bia za jadi zinazovutwa kwa mpini mrefu juu ya kaunta hutoka za ubaridi wa pishini tu, hazina gesi nyingi, na ladha yake ni chungu kidogo yenye harufu ya nafaka. Kama hujawahi, omba uonje kabla ya kununua. Baa nyingi zenye bia hizo hukumiminia kidogo kwenye glasi ndogo. Mimi humshauri mgeni aanze na nusu ya hiyo, kwa kuwa ndiyo aina iliyokuwa ikinyweka mitaa hii tangu enzi za kiwanda cha jirani.

Bakshishi si lazima kwenye kaunta. Kuhusu raundi, utaratibu ni ule ule wa Nairobi na Dar: ukikubali kununuliwa, ujue zamu yako inakuja. Kama huna mpango wa kukaa, sema mapema kwamba unakunywa moja tu na utajinunulia.

Umri ni miaka 18, lakini ukionekana chini ya 25 unaweza kuombwa kitambulisho, na pasipoti inafaa. Ukiwa na watoto, uliza mlangoni, maana kila baa ina masharti yake na saa zake. Sigara ni nje tu, sheria ya England tangu Julai 2007. Nyuma kuna bustani ya kukalia hali ya hewa ikiruhusu.

Asiyekunywa pombe asijione hana nafasi. Soda, juisi, chai, kahawa, hata bia zisizo na kilevi ni vitu vya kawaida. Kwa Mwislamu anayependa historia lakini hataki kukaa penye pombe, ninamshauri aitazame baa kutoka nje na kuzunguka mtaa wote. Kilomita moja haitimii kuelekea magharibi uko Msikiti wa East London, kwenye barabara hii hii, na migahawa ya halali imejaa kotekote. Tayyabs, Fieldgate Street, inapika nyama za Kipunjabi tangu mwaka 1972. Foleni yake jioni ni ndefu lakini kuku na mbavu zake zinafuta uchovu.

Kutafuta "mahali penyewe"

Usitafute alama sakafuni. Ndani pamefanyiwa mabadiliko mengi tangu 1966. Zamani baa za Kiingereza ziligawanywa kwa kuta na vioo: upande mmoja wa watu wa kawaida, bei nafuu na sakafu tupu, na upande wa pili, saluni, penye zulia, viti vizuri na bei iliyoongezwa senti kidogo. Cornell alikuwa kwenye saluni. Kuta hizo zimeondolewa karibu baa zote za London, kwa hiyo chumba alichouawa humo hakipo tena kama kilivyokuwa.

Ninachokushauri ni hiki. Kaa mahali unapoweza kuona mlango na kaunta kwa pamoja. Pima kwa macho umbali uliopo kati yake. Ni hatua chache. Mtu anaingia, na kabla hujaweka glasi chini ameshafika. Halafu mtazame mhudumu aliye nyuma ya kaunta, anavyofuta glasi, anavyogeuka kuchukua chupa, na ona jinsi ambavyo hana pa kukimbilia. Mwanamke aliyekuwa pale usiku ule alikuwa karibu namna hiyo. Alibeba alichokiona kwa takriban miaka mitatu, akiwa mtu wa eneo hilo hilo, kabla ya kukisema mbele ya jaji. Kutazama hivyo dakika tano kunakueleza kesi kuliko tundu lolote la risasi.

Ukitaka kuuliza, uliza baada ya kununua, na wakati kaunta imetulia. Anza na baa yenyewe: jengo lina miaka mingapi, zamani palikuwaje. Mhudumu akiona unajali, atafika mwenyewe kwenye kisa. Akijibu kwa mkato, mwache. Wazee wa mtaa usiwafuate mezani kuwauliza kama waliwafahamu akina Kray. Wapo watakaokusimulia wenyewe, wengine wakisema walikuwepo usiku ule. Sikiliza kwa adabu, na yachukue kama simulizi za baa.

Picha za jengo piga upendavyo. Za ndani omba ruhusa, na sura za wateja ziepuke. Yule anayejipiga picha ameelekeza vidole viwili kwenye paji la uso la mwenzake anawaudhi watu. Usiwe yeye, na usikubali rafiki yako awe yeye.

Ukitoka, endelea kwa miguu

Ukiwa na saa mbili zaidi, kuna njia mbili, na ukiweza fanya zote.

Njia fupi ni ya mashariki. Vuka Cambridge Heath Road, na Whitechapel Road inageuka kuwa Mile End Road. Upande wa kushoto utaziona nyumba za Trinity Green, zilizojengwa mwaka 1695 kwa ajili ya mabaharia waliostaafu na wajane wao, na modeli za meli juu ya kuta za mbele. Karibu na hapo ipo sanamu ya William Booth ameinua mkono kama anahubiri, na ya mkewe Catherine, iliyowekwa mwaka 2015. Nampenda zaidi Catherine. Alikuwa mhubiri mwenyewe wakati ambapo mwanamke kusimama mimbarani ilikuwa kashfa.

Njia ndefu ni ya kaskazini, na hii ndiyo ya kisa cha Kray. Rudi upande wa kituo, kipite, kisha kata kulia Vallance Road. Nyumba namba 178 walikokulia mapacha ilibomolewa, na yaliyopo sasa ni makazi ya watu ambao hawahusiki kabisa, kwa hiyo pita tu bila kusimama kuchungulia madirisha. Njiani Cheshire Street itakuwa kushoto. Humo kuna Carpenters Arms, baa ndogo ambayo mapacha waliinunua mwaka 1967 kwa ajili ya mama yao Violet. Ni nzuri na tulivu kuliko The Blind Beggar, na kama unataka kukaa na kuzungumza, kaa hapo. Kanisa la St Matthew, ambako jeneza la Ronnie lilipelekwa kwa gari la farasi weusi mwaka 1995 huku maelfu wakipanga mistari barabarani, liko karibu.

Malizia na chakula E. Pellicci, 332 Bethnal Green Road, mkahawa wa familia ya Kiitaliano uliofunguliwa mwaka 1900. Akina Kray walikula humo, lakini sababu ya kwenda ni ukuta: mbao zilizotiwa nakshi mwaka 1946, za rangi ya asali, zilizofanya jengo hilo liorodheshwe kama urithi wa taifa mwaka 2005. Ni wa mchana, na Jumapili hufungwa, hivyo kama unautaka, anza matembezi yako kwa kinyume: kula kwanza, baa baadaye. Mtakaa meza moja na watu msiowajua na watawasemesha. Jibuni.

Makaburi ya ukoo wa Kray yako Chingford Mount, mbali kaskazini-mashariki. Mimi sioni haja.

Kuhusu matembezi ya kulipia yanayoongozwa: yapo mengi, na ubora unatofautiana sana. Kabla ya kulipa, muulize mwongozaji atazungumza nini kuhusu Cornell na kuhusu mashahidi. Akianza kukuambia kwamba akina Kray "waliwadhuru wenzao tu" na kwamba mtaa ulikuwa salama enzi zao, tafuta mwingine. Wenye maduka waliokuwa wakilipa hela ya ulinzi kila wiki hawakuwa majambazi.

Usalama na kurudi

Whitechapel ya leo ni mtaa wa familia, wanafunzi na wafanyakazi wa hospitali. Hatari yako kubwa ni simu kunyakuliwa. Vijana hupita na baiskeli za umeme wakaichukua mkononi mwako ukiwa unatazama ramani, tena huja kutoka nyuma. Ukitaka kuangalia njia, simama umeegemea ukuta, mgongo kwenye jengo, na ukimaliza irudishe mfukoni. Mkoba usiutundike nyuma ya kiti cha baa, uweke miguuni na mkanda umeuzungushia goti.

Kengele ya mwisho ya kuagiza hupigwa muda mfupi kabla ya kufunga, na ukiisikia una nafasi ya kununua mara moja tu na kunywa kwa utulivu. Treni za laini ya Elizabeth hazikeshi, hivyo angalia ya mwisho kabla hujaketi. Ikikupita, basi la usiku namba N25 linapita kwenye barabara hii hii: upande wa mashariki linakwenda Stratford na Ilford, upande wa magharibi linaingia katikati ya jiji. Mabasi ya London hayapokei fedha taslimu, utagusisha kadi ile ile wakati wa kupanda tu, na kushuka hugusishi tena.